Kila Bolti Tunduni Mwake

Bolti iliyoshika kutu ina sauti mbili. Ikikubali kufunguka hulia mara moja, kavu, kama ukuni uliovunjwa gotini, halafu hukwaruza mpaka itoke. Ikiwa inakatika, hulainika kwanza. Unaona spana inakwenda, unafurahi, unadhani umeshinda, kisha kichwa kinabaki ndani ya spana na mwili wake unabaki tunduni. Hiyo ya pili ndiyo niliyoisikia wiki ya tatu ya eda yangu, nikiwa nimeketi chumbani karibu na dirisha. Nilijua kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba shemeji yangu Amjad ameikata bolti ya gari langu.

Nasema langu kwa sababu tuliagana hivyo. Mume wangu, Athman, alikufa kwa presha akiwa na miaka arobaini na sita, na hatukujaliwa mtoto. Baada ya hitima, Amjad na dada yao Shahida walinikalisha, Amjad akiwa nyuma ya pazia, wakaniambia kwa upole kwamba nyumba ni ya wazazi wao, na nikimaliza eda itabidi niwaachie. Mimi nichukue gari. Sikubishana nao. Gari lilinitosha.

Lilikuwa Probox nyeupe ambayo Athman aliendeshea abiria kati ya Malindi na Ngomeni miaka tisa. Leseni ninayo tangu usichana wangu, na nilishajua nitalifanyia nini: nitabeba wanawake. Malindi kuna akina mama wengi wasiopenda kubanana na wanaume wasiowajua wanapokwenda kliniki au harusini au kupeleka mabinti chuoni. Nilishawapitia kichwani mtaa kwa mtaa, nani atanipigia simu asubuhi na nani jioni. Nikitoka eda ningekuwa sina nyumba, lakini ningekuwa na kazi, na kazi ingenipatia chumba.

Kasoro ya gari ilikuwa moja tu, klachi. Athman alilalamika nayo mwezi mzima kabla ya kufa. Amjad, ambaye anauza simu mjini na mikono yake ni laini kama ya bibi harusi, alijitolea kuibadilisha. Alisema kila Jumamosi atakuja kidogo kidogo, atamleta mtu wa kumsaidia pakiwa pazito, na mpaka eda iishe gari litakuwa linanguruma. Nilimwombea dua siku hiyo. Sasa nikikumbuka nataka kuirudisha ile dua kinywani.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Unakaa ndani, hujipambi, hujitii manukato, wala huonani na mwanamume anayeweza kukuoa, na shemeji ni mmoja wao. Gari lilikuwa ndani ya banda la makuti lililoegemea ukuta wa chumba changu, na mlango wa banda unafungukia barabarani. Kulifikia ningelazimika kutoka nje mchana watu wakiniona. Kilichobaki kati yangu na gari ni dirisha moja dogo, na siku ya nne ya msiba Shahida alikuja na kaniki, akaitandaza juu ya dirisha hilo na kuipigilia misumari minne. Alisema ni stara.

Mimi najua alichokusudia. Babangu alikuwa fundi wa magari kule Mambrui, gereji yake ilikuwa uwanjani kwetu, na mimi ndiye niliyekua nikimpa spana. Nilivaa ovaroli mpaka nikavunja ungo, na watoto wakaniita Shekha Spana. Watu wa mji hawasahau. Athman aliponioa aliniomba nisiliguse gari lake, kwa kuwa watu watasema, na miaka kumi na tano nikawa nampelekea chai huku yeye akizipiga nati nyundo kama anayeua nyoka. Alipokufa, wenye midomo walisema mtoto wa fundi hatakaa eda, atachungulia. Nikala yamini kwamba nitaikaa mpaka washangae.

Basi ndipo nikasikia ile bolti ikikatika. Nilijikaza. Amjad alikuwa anatukana chini chini, halafu nikasikia anaweka spana kwenye bolti ya pili, na ikaanza kulainika vile vile.

"Amjad," nikasema. "Acha. Na hiyo unaikata."

Spana ikasimama. Nadhani hakujua kama sauti imetoka ukutani au mbinguni. Kisha akauliza, kwa adabu, nimejuaje.

Nikamwambia. Nikamwambia gari hili limekula maji ya chumvi miaka tisa, maana barabara ya Ngomeni inapita kwenye mashamba ya chumvi, na Athman alikuwa akirudi na magunia ya samaki yanayovuja mpaka chini ya sakafu. Chuma cha namna hiyo hakishindwi kwa ubavu. Babangu hakuwa na haraka na chuma. Alikuwa akisema bolti iliyoshika ina hofu, uitulize kwanza, na mimi nilicheka nikiwa mdogo, lakini sikumwona akikata bolti hata moja.

"Nambia nifanyeje, shemeji," akasema Amjad.

Miaka kumi na tano hakuna mwanamume aliyeniuliza swali hilo. Nilisogeza kiti mpaka goti likagusa ukuta.

Nilimwuliza kwanza ameshika spana gani, akasema ile yenye mdomo wazi. Nikamwambia aiweke chini kabisa, atafute ya duara inayoikamata bolti pande zote. Nikamwambia asugue kutu kwa brashi ya waya pale uzi wa bolti unapoonekana, kisha asubiri siki. Siki ya dukani haifai, ni maji ya rangi tu. Babangu alitumia siki ya mnazi, tembo lililolala hadi likachacha likawa kali la kuunguza pua. Unalowesha kitambaa, unaifunga bolti kama kidonda, unaiacha siku nzima ile kutu iliwe. Halafu unaosha kwa maji na kupaka dizeli iliyochanganywa na oili, unaiacha tena.

Siki aliileta Kanze. Kanze ni Mgiriama wa Kaloleni, jirani, aliyekuwa akinisaidia maji na sokoni siku zote za eda, bila kuombwa. Alikwenda kwao akarudi na dumu la lita tano, akapita kwangu nikaionja kwa ncha ya ulimi, halafu akalizungusha bandani. Jioni hiyo Shahida alikuja kunijulia hali, akasimama mlangoni akinusa. Alinisogelea karibu sana wakati wa kunisalimu, kisha akanisalimu tena. Nilielewa ananusa mdomo wangu. Nilimwambia ni siki, na siki ni halali hata kwenye kachumbari yake, lakini alikwenda zake akiamini mjane wa kaka yake anakaa eda na tembo.

Sikujali. Jumamosi ilikuwa imekuwa Idi yangu. Amjad alikuwa akifika saa tatu, anasalimia, na mimi nishakaa. Nilimfundisha kuigonga bolti kichwani, si kwa hasira, mapigo mafupi yanayofuatana, ili kutu ndani ipasuke. Nilimfundisha jambo ambalo kila asiye fundi hulikataa, kwamba kabla hujailegeza uikaze kidogo. Aliniuliza kama natania. Nikamwambia aikaze, unywele tu, ndipo ageuze. Kutu ikivunjika upande mmoja huachia na wa pili. Asiivute spana kwa kuishtua, aiegemee kwa uzito wake wote na kuvuta pumzi. Akaegemea. Nikaisikia ile sauti kavu, moja, tamu.

"Wallahi, shemeji," akasema, "mafundi wote wa mji huu hawakufikii."

Alinivika kilemba cha ukoka na mimi nikakivaa, nikakifunga vizuri na kujitazama nacho kwenye kioo. Nataka niseme hilo wazi kwa sababu wengine wananihurumia kwamba nilidanganywa kwa kuwa nilikuwa mjane mwenye majonzi. Majonzi nilikuwa nayo. Lakini nilidanganywa kwa sababu nilisifiwa.

Kitu cha mwisho nilichomfundisha kilikuwa kanuni ya babangu ambayo ukiivunja alikufukuza gereji. Ukitoa kitu, bolti yake isafishe, ipake mafuta, uirudishe kwenye tundu lake kwa vidole, hata kama kitu chenyewe hakipo. Haitapotea na hutaichanganya na nyingine. Ile ambayo tundu lake limekwenda na kitu kilichotolewa, iweke kwenye mkebe na uifunike. Amjad aliniahidi. Kila Jumamosi kabla ya kuondoka alikuwa akiniambia, shemeji, kila bolti tunduni mwake, na mimi ninajibu, ahsante babangu.

Mwezi wa tatu alifika kwenye ile bolti ndefu. Hii inapita kwenye mpira unaoikalisha injini, upande wa kulia, upande ambao hauna shughuli yoyote na klachi. Aliponiambia haitoki nilimwuliza anaitakia nini. Ukibadilisha klachi unashusha giaboksi, iko kushoto, kulia hugusi. Aliweka spana chini kwanza, ndipo akasema mpira umepasuka, anataka aubadilishe mara moja nisije nikasumbuka barabarani.

Hapo ndipo ningeing'oa ile misumari. Ilikuwa minne, mifupi, ya kupigilia viatu. Ningeitoa kwa mpini wa kijiko, ningeinua pembe ya kaniki, na ningeona kwa jicho moja kama mpira umepasuka au haukupasuka. Mkono ulikwenda mpaka pale, nakumbuka ubaridi wa kichwa cha msumari. Kisha nikafikiria Shahida na pua yake, na wale waliosema nitachungulia, nikaurudisha mkono mapajani. Nikajisifu kwa stara yangu. Nikamwambia afunge siki.

Bolti ile ilikataa. Wiki ya kwanza haikusikia siki wala dizeli. Wiki ya pili nilimwambia apashe moto kile chuma kinachoishika, mbali na bomba la petroli, na akiondoa moto amwagie mafuta. Ikakataa. Nilianza kuiota. Nilihisi kama gari lote linaning'inia hapo, kazi yangu na chumba changu na akina mama wangu wote wa kliniki, kwenye kipande cha chuma cha urefu wa kiganja. Wiki ya tatu nilimaliza sala ya adhuhuri, nikabaki juu ya mswala, nikainua mikono. Nilimwomba Mungu ailegeze bolti. Sikumbuki kama niliwahi kuomba jambo kwa moyo uliokunjuka namna hiyo tangu Athman azikwe.

Jumamosi ile ikafunguka. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko zote, nikaisikia mpaka kwenye meno, na nikalia. Amjad alicheka upande wa pili wa ukuta na kusema amina, amina.

Jumamosi iliyofuata nilisikia mnyororo. Alikuja na wanaume wawili na chenibloki, ile ya kunyanyulia vyuma vizito, na akawahi kunieleza kabla sijauliza kwamba ni ya kuishikilia injini giaboksi ikishuka. Hivyo ndivyo inavyofanywa, siwezi kusema alikosea. Mnyororo ulilia asubuhi nzima. Jioni Kanze aliniletea samaki, akakaa, akachelewa kuondoka. Mwisho akaniambia ameona mkokoteni ukitoka bandani, mzigo umefunikwa magunia, watu wawili wanasukuma na gurudumu linazama mchangani.

"Dada, ni kizito kile," akasema. "Mimi si fundi, lakini si takataka."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ile ni klachi mbovu na vyuma vibovu, na kwamba mambo ya nyumba hii ni ya wenye nyumba, asije akanigombanisha na watu wangu. Watu wangu, nilisema hivyo, kwa sauti ya mtu wa mjini anayemwambia wa shamba ajue mahali pake. Kanze alichukua sahani yake akaenda. Kesho yake alileta maji kama kawaida.

Jumamosi mbili za mwisho zilikuwa za kukaza. Nilisikiliza bolti zikirudi mahali pake, laini, bila kukwaruza, na nikafurahi kwamba amezipaka mafuta. Alipomaliza alinipa habari njema: gari tayari, betri tu imelala, ataichaji nikitoka.

Nilitoka Jumatano. Shahida alikuja alfajiri kuniogesha, akanifukiza udi, akanivalisha nguo mpya, akalia kidogo, na mimi nikalia. Akaing'oa ile misumari mwenyewe. Nilipomwomba ufunguo wa banda alisema tusubiri Amjad. Nilimwambia nimesubiri miezi minne na siku kumi, mpaka akanipa. Nikamwita Kanze, nikavaa buibui, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikakanyaga barabara.

Gari lilikuwa limefunikwa turubali. Tulilivuta. Lilikuwa limeoshwa, ndani limefagiwa, kioo kinang'aa. Nikaona jinsi lilivyoinua pua juu, na nikajua. Mtoto wa fundi anajua gari lililobeba mzigo wake na lisilobeba. Bado nilifungua boneti, kwa sababu mtu hufungua tu.

Hapakuwa na injini wala giaboksi. Ulikuwa uwazi, na chini yake mchanga wa banda. Na kuzunguka uwazi wote huo, kwenye kila mkono wa chuma na kila tundu la bodi, palikuwa na bolti zangu. Zilisafishwa, zimepakwa grisi, zimerudishwa kwa vidole. Pembeni palikuwa na mkebe wa maziwa ya unga umefunikwa kwa kitambaa, na ndani yake zile ambazo matundu yake yalikuwa yamekwenda. Hata ile iliyokatika siku ya kwanza alikiweka kichwa chake.

Kanze alinishika kiwiko.

Nilimkuta Amjad dukani kwake. Alisimama kunipokea, akanivutia kiti, akamtuma mtu soda. Nilimwuliza injini yangu iko wapi. Alifuta kioo cha simu kwa kitambaa, taratibu, kama nilivyomfundisha kusafisha uzi.

"Shemeji, tuliagana gari," akasema. "Gari lipo bandani. Injini aliinunua kaka baada ya ile ya kwanza kufa, nami nilimchangia. Nimechukua changu."

Nilimwambia ameniacha na bati.

"Lakini bolti zako zote zipo," akasema, na naapa hakuwa anacheka. "Hata moja sikuitupa. Nilifuata ulivyonambia."

Nilimwuliza Shahida kama hivyo ndivyo tulivyoagana baada ya hitima. Alisema yeye alisikia neno gari, na maana ya gari tuwaulize mafundi. Nilikwenda kwa wazee wa mtaa, wakasikitika sana. Mmoja aliniuliza, miezi yote hiyo kazi ikifanywa ukutani kwangu, mimi mwenye elimu ya gereji, sikusikia? Nikasema nilisikia. Nilisikia kila kitu.

Sasa nakaa chumba cha nyuma kwa Kanze, hapa Muyeye. Hajawahi kunikumbusha nilichomwambia siku ile ya mkokoteni. Ingekuwa nafuu angenikumbusha. Asubuhi namsaidia kukaanga mahamri, na akina mama niliotaka kuwabeba hupita wakiwa kwenye tuktuk, wamebanana, wananipungia mkono.

Gari lilibaki bandani mpaka watu wa vyuma chakavu wakalikokota. Mimi nilichukua ile bolti ndefu tu. Nilipokwenda kuitoa nilibeba spana ya babangu kwa mazoea, lakini sikuihitaji. Niliizungusha kwa vidole viwili ikaja, bila hata kulia. Naiweka dirishani. Amjad alinisifu, Shahida alinisitiri, mji wote ulinipongeza kwa eda yangu. Bolti hii peke yake ndiyo iliyokataa, wiki tatu nzima, kumwachia mtu injini yangu, na mimi nikakaa juu ya mswala nikamwomba Mungu ailegeze.